Isale Halikataliwi

Mtu wa kwanza kuja kunipongeza niliporudi na diploma yangu alikuwa shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Alipoondoka nilijikuta nikipapasa mifuko, kama mtu aliyetoka kupita katikati ya soko. Mfukoni hakikupungua kitu. Kilichopungua kilikuwa mahali pengine, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuchezewa, nilikaa nikafikiri mpaka nikakiona.

Alikuwa amenisifu tangu uji mpaka chai, na kila sifa ilipitia kwake kwanza. Nilifaulu kwa sababu yeye aliniombea. Nina akili, ndiyo, lakini yeye aliiona kabla ya mtu yeyote, siku alipokuja kumposa dada. Kazi ya serikali niliipata kwa kuwa jina lake linajulikana bomani. Mama alimsikiliza huku akitikisa kichwa kwa shukrani, kana kwamba diploma ile ilikuwa imesomewa na mkwewe.

Ukweli wangu ni mfupi na ninaupenda. Niliushuka mlima huu wetu wa Meru kwa miguu, baba akiwa amekwisha fariki. Nilifua na kupiga pasi nguo za mzungu mmoja Nairobi, nikasoma vitabu alivyovitupa, nikafaulu mtihani uliowashinda watoto wa machifu, nikaenda kusomea kilimo Uganda na nikarudi na karatasi yenye mhuri. Hakuna aliyenibeba. Nimeyasema haya kanisani, sokoni na mbele ya Bwana Shauri mwenyewe, yule mkuu wa wilaya, chini ya picha ya Malkia, na nitayasema tena. Aliyejenga nyumba kwa mikono yake ana haki ya kuwaonyesha wageni ukuta.

Kwa hiyo simlaumu shemeji kwa kujisifu. Mimi nikijisifu naonyesha nilichofanya, na aliye kando yangu anabaki na kimo chake. Yeye, ili aonekane mrefu, ilibidi mtu mwingine asimamishwe shimoni. Mtu huyo alikuwa dada yangu, na shimo hilo lilikuwa nyumbani kwao Kikwe, katika boma safi kuliko yote ya tambarare ile.

Watu walimpenda sana mtu yule, na upendo wao ndio ulionifanya niache kuwaheshimu watu wengi. Alikuwa mzee wa kanisa. Akisali, alilia, na watu wetu, wakiona mwanamume analia madhabahuni, hawaulizi analilia nini. Mara nyingi alikuwa akimlilia mke wake. "Ndugu, mniombee," alisema mbele ya kanisa zima. "Mnajua mwenzangu si mzima wa kumbukumbu. Mnajua pia hatukujaaliwa mtoto. Lakini mimi nimeamua kuvumilia." Wanawake waliguna kwa huruma, wakatoka wakisema laiti wangeolewa na mume kama yule. Dada alikaa kwenye benchi, macho kwenye mikono yake, akivumiliwa hadharani.

Dada niliyemwacha nilipoondoka hakuwa mtu wa kuvumiliwa. Alikuwa akiteremka na mkungu wa ndizi kichwani mpaka soko la Arusha, akiwazungusha wanunuzi mpaka wanacheka na kulipa. Kwaya yote ilimfuata sauti. Mimi alinifundisha kuhesabu kwa punje za kahawa, na nilipokosea alinichapa kwa bua la mhindi. Basi nilipokwenda Kikwe kumsalimu, nikiwa na kaptula yangu ya kaki iliyonyooka, soksi ndefu na baiskeli mpya, nilimkumbusha.

"Dada, unakumbuka ulivyonichapa kwa bua, nikakimbilia mferejini nikatumbukia?"

Alitabasamu nusu, halafu tabasamu likasimama. Alimgeukia mumewe. "Eti ilikuwa hivyo?"

Alikuwa akimuuliza mtu ambaye wakati ule hakuwa hata ametujua.

Shemeji alicheka kwa upole. "Unaona, shemeji? Ndiyo hali yenyewe. Mimi huwa sikasiriki. Namsaidia tu kukumbuka."

Wasomi wenzangu hupenda kusema kwamba mambo ya mume na mke ni fumbo. Hili halikuwa fumbo. Nilikaa pale mchana mmoja nikayaona yote, maana mtu mwenye kujipenda kupita kiasi hajifichi kwa bidii. Haamini kuwa kuna mwenye akili ya kumwona. Alimtuma dada kuleta kata ya maji, na alipoileta akamuuliza mbona ameleta maji wakati alitumwa kiti. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema maji. Dada akasema, "Nisamehe," akaenda kuleta kiti. Nilipofungua kinywa, shemeji alinikonyeza kama vile mimi na yeye tulikuwa wauguzi wa mgonjwa mmoja.

Kiunoni dada alikuwa amefunga kamba ya mgomba mkavu yenye mafundo. Nilidhani ni ya kufungia mzigo. Baadaye alinieleza: alipofunga zizi alipiga fundo, alipozima moto alipiga fundo, alipotia chumvi alipiga fundo, ili akiulizwa aishike kamba ajue. Mwanamke aliyenifundisha hesabu alikuwa anajishikilia kwenye kamba ya mgomba.

Na siku moja, baada ya ziara yangu ile, dada alitoka nje asubuhi mumewe akiwa zizini, akakuta mtamba wao yumo katika maharage ya jirani, na ua mzima umejaa watu. Shemeji ndiye aliyewaita. "Njoo mke wangu uwaonyeshe ulivyolifunga zizi," alisema kwa sauti ile ya kanisani. Dada alishika kamba yake. Fundo la zizi halikuwepo. Lilikuwa limefunguliwa, na mahali lilipokuwa kamba ilikuwa bado imepinda.

Hakugombana. Aliomba radhi kwa jirani, akaomba radhi kwa mumewe, kisha akachukua njia ya kupanda mlima, akafika kwetu mchana, vumbi la mlima limempanda mpaka magotini. Mama alimuuliza amefuata nini. "Nimekuja kuuliza," alijibu. "Nataka kujua kama nina wazimu."

Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo tangu baba afariki, alisema jambo lile ni dogo. Mume atakuja na isale, atampokea mkewe, watarudi. Ndivyo ilivyokuwa mara zilizotangulia. Kwetu Meru, kama kwa jirani zetu Wachaga, aliyekosa huja na isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Jani lake hufungwa fundo likakabidhiwa, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Akilikataa, laana humgeukia yeye. Ni desturi nzuri sana kwa watu wenye aibu. Wazee waliotuachia hawakufikiri kwamba siku moja atatokea mtu atakayeitumia kama ufunguo wa nyumba ya wakwe.

"Akija tena, dada asipokee," nilisema.

"Isale halikataliwi," alisema baba mkubwa.

"Hata kama anadanganya?"

"Kijana, cheti chako kinajua kahawa. Isale hulijui. Wiki iliyopita ulitaka kuling'oa."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshauri, kitaalamu kabisa, kwamba masale ya mpakani yanakula nafasi ya miche, na mzee yule alininyanyulia fimbo. "Isale la mpaka haling'olewi hata na huyo Malkia wako!" alifoka. Sikubishana. Nilikuwa na diploma; yeye alikuwa na fimbo.

Basi dada alikaa kwetu, na sote tulijua anasubiriwa. Akirudi Kikwe safari hii, nilijiambia, hatakuwepo tena wa kuja kuuliza. Mwili wake ungeendelea kuteka maji na kukata majani ya ng'ombe, na ndani yake angekuwa anakaa yule bwana, akijibu maswali yote.

Wale wanaodhani mateso ya namna ile huisha mtu akivuka mto, wangekaa nasi siku moja. Dada hakupigwa, hakufungiwa, hakulala njaa. Na bado alisimama mlangoni mwa mama yake mwenyewe akisubiri kuambiwa aingie. Aliomba ruhusa ya kunywa maji. Mtu akikohoa njiani, kilichokuwa mkononi kilidondoka. Mama alipomsifu kwa jambo lolote alitazama nyuma kuona anasifiwa nani. Na alimtetea! Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. "Hajawahi kuniinulia mkono," alisema. "Ni mimi nisiyeelewa. Mwingine angekwisha nifukuza."

Siku ya kwanza aliyopika mtori, ile supu yetu ya ndizi, alichota kwa mwiko, akaonja, akaniletea.

"Nionjee. Ina chumvi?"

"Si umekwisha onja?"

"Nimeonja."

"Sasa?"

"Wewe niambie."

"Dada, huna ulimi?"

"Ulimi ninao," alisema. "Siuamini."

Nimesoma vitabu vinene juu ya magonjwa ya mimea. Kuna kutu inayoshika jani la mkahawa kwa chini, na juu jani hubaki kijani. Mwenye shamba anapita akijisifu kwa shamba zuri. Nilipomsikia dada akisema vile nilijua ninachokitazama.

Dawa niliibuni mwenyewe, na ninaitaja kwa fahari kwa sababu hakuna aliyenisaidia. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Nilimpeleka shambani kila nilipotoka kazini, nikampa kikapu, nikamwambia kanuni moja niliyokuwa nikiwaambia wakulima wote kuanzia kwetu mpaka pembeni mwa msitu wa Olmotonyi: chuma nyekundu tu. Halafu nikakataa kumjibu. Alikuja na tunda kiganjani. "Hii imeiva?" Nikatazama mlima. Alikuja na jingine. "Na hii?" Nikajifunga kamba za viatu. Alisimama chini ya mkahawa mmoja, matunda mekundu yakiwa yamemzunguka, hakuchuma hata moja, na machozi yakamtoka. Mama alinitukana kwa Kimeru, matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utotoni. Sikutetereka. Kesho yake nilimrudisha pale pale.

Wiki zikapita. Kikapu kikaanza kuwa na kitu chini. Kisha jioni moja nilikuwa nikichuma upande wa pili, nikizungumza, nadhani, juu ya ukaguzi niliomfanyia mzungu mmoja mwenye shamba karibu na mto Usa, jinsi alivyonivulia kofia. Dada alinyoosha mkono akatoa tunda kwenye kikapu changu.

"Hii si nyekundu."

"Ni nyekundu."

"Ina kijani huku kwenye kikonyo. Bwana Shamba gani wewe?"

Sipendi kubishiwa, na anayenijua anajua hivyo. Lakini tunda lile nililitia mfukoni, nikalihifadhi mpaka likakauka.

Shemeji hakuwa na haraka. Mtu wa aina ile anajua kwamba kumsubirisha mtu ni nusu ya kumpata. Alituma salamu tu: kwamba nyumba imekuwa kimya, kwamba anafunga na kusali, kwamba amemsamehe. Kila salamu ilipofika dada aliacha kula. Mwisho alituma kuwa atakuja Jumapili baada ya ibada, na siku hiyo yote dada aliwauliza mama na mimi, kila mmoja kwa zamu yake, kama zizi la Kikwe lilikuwa na komeo upande wa kulia au wa kushoto.

Alikuja na wazee wawili wa kanisa na kundi la watu waliomfuata njiani, maana alihakikisha njia nzima inajua anakwenda wapi. Alivaa koti. Na mkononi hakuwa na jani. Alikuwa na tawi zima la isale, shina nene kama kidole gumba na kichwa cha majani kilichofika begani, amelishika mbele yake kama mtu abebaye bendera. Jani moja la juu lilikuwa na fundo. Watu walinong'ona kwa kustaajabu. Wengine huja na jani; yeye alikuja na mti.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wetu," alisema baba mkubwa, uso umemlainika. "Karibu, karibu."

"Na shemeji msomi! Hata Jumapili umevaa soksi ndefu?"

"Miguu yangu ni ya serikali," nilimjibu.

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote, kisha akapiga magoti uani. Alisema vizuri. Alisema jinsi kitanda kilivyo baridi, jinsi ng'ombe wanavyomtafuta mama yao, jinsi alivyojichunguza mbele za Mungu. Nilisubiri kusikia amekosa nini. Nilisubiri sana. Mtu aliyekuja kuomba msamaha alizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, na kosa pekee alilolitaja lilikuwa la mkewe.

"Mimi nimekwisha msamehe," alimalizia, huku akijifuta macho. "Naomba neno moja tu, ili tuanze upya kwa ukweli. Mke wangu, waambie wazee wako. Lile zizi, nani aliliacha wazi?"

Mama aliushika mkono wangu. Dada alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akipeleka mkono kiunoni kutafuta kamba. Kamba haikuwepo, alikuwa ameifungia kikapu cha kahawa.

"Kumbuka vizuri," shemeji alimwambia kwa upole wote duniani. "Usiogope. Nitakusaidia."

"Nakumbuka vizuri," alisema dada. Sauti ilikuwa ndogo. "Komeo liko kushoto. Nililisukuma, likanibana kidole hiki. Nililifunga."

"Mke wangu, unachanganya siku…"

"Sichanganyi. Nililifunga, nikapiga fundo. Wewe ulilifungua fundo, halafu ukalifungua zizi."

Shemeji alitazama watu, si mkewe. Aliinua mabega kwa huzuni, kama vile alivyofanya kanisani. "Mnaona wenyewe," alisema. "Lakini mimi sikasiriki." Akanyoosha tawi lake. "Pokea, mke wangu. Twende nyumbani."

"Asipokee!" nilisema.

"Nyamaza!" Baba mkubwa aligonga fimbo chini. "Mwanangu, isale limeletwa. Unajua. Halikataliwi."

"Najua, baba mkubwa," alisema dada. "Silikatai."

Akateremka uani akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Wanawake walipiga vigelegele. Shemeji aliinuka akajikung'uta magoti, tayari anamtafuta mzee wa kanisa amkonyeze. Dada aliwapita wote. Alichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akashuka mpaka mahali njia ya kutoka Kikwe inapoingilia shamba letu, akachimba. Alisimamisha lile tawi ndani ya shimo, akarudishia udongo, akaukanyaga kwa kisigino, upande huu na upande huu.

"Nimepokea, na nimekusamehe," alisema akiwa ameshika mpini. "Nimelipanda. Wewe mwisho wako ni hapo."

Kila mtu alimtazama baba mkubwa, nami nikamtazama pia, maana kwa mara ya kwanza sheria yake na haja yangu vilikuwa vimekutana. Mzee alishuka polepole, akalizunguka lile isale, akaligusa kwa ncha ya fimbo. Nadhani aliona kama mimi kwamba shemeji angekuja na jani, kama binadamu wengine, jani lingenyauka jikoni na mambo yangekwisha. Alikuja na shina kwa ajili ya kuonekana. Shina hushika.

"Isale lililopandwa haling'olewi," alisema baba mkubwa mwishowe, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Mkwe wetu, karibu chai. Chai utanywea upande ule."

Shemeji alikataa chai. Lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililomwona akilifanya. Baadaye tulisikia ametangaza huko kwao kwamba ndiye aliyelileta lile isale makusudi ili lipandwe, kwa vile yeye ndiye aliyeamua kumwacha mke asiye mzima. Watu wakamwamini, na wakalia naye. Nawaachia. Kondoo hawahitaji diploma.

Jioni ile mama alitaka kumwimbia Mungu kwa kushinda. Dada aliingia jikoni akapika mtori. Nilikuwa nimekaa nikisubiri, nikipanga maneno ya kuwasimulia watu mjini jinsi dawa yangu ilivyomponya. Akatoka na mwiko mkononi, akaninyooshea.

"Nionjee. Ina chumvi?"

Sikusimulia mtu. Nilionja, nikamwambia ipo.

Masika yaliingia, ukungu ukashuka mpaka chini ya migomba, na isale lile likachomoza jani jipya katikati, jembamba, limejikunja kama karatasi. Siku hiyo alikuwa amekuja baba mkubwa kula nasi. Dada alitoka jikoni na chungu, akapakua bila kumwomba mtu yeyote amwonjee, akakaa, akaanza kula. Baba mkubwa alitia kijiko kinywani, akaacha kutafuna. Mtori ulikuwa na chumvi ya kumnywesha ng'ombe mfereji mzima. Mzee alifungua kinywa aseme. Nilimkanyaga mguu kwa kiatu changu cha serikali.

Mimi, niliyewahi kula meza moja na wazungu, nilimaliza sahani, nikaomba niongezewe.